Kishikio cha Ngurumo

Veridiana Nikolao alikuwa mwoga tangu utotoni, wala hakuona haya kusema hivyo. Aliogopa radi. Aliogopa kushuka bondeni kuteka maji peke yake. Kuku akipapatika darini jioni, moyo wake ulikuwa tayari umefika kooni. Mumewe, kabla hajafariki, alikuwa akimtania kwamba hata siku ya kufa kwake atashtuka kwanza ndipo afe. Watu wa Namkonda, kijiji kilichokaa ukingoni mwa uwanda wa Newala, upande wa Chilangala, walimcheka kwa upole, maana walimpenda na walimhitaji. Cherehani yake barazani ndiyo iliyoshona sare za shule za nusu ya kijiji, Waislamu kwa Wakristo, na Jumapili mikono ileile ndiyo iliyopiga kinanda katika kanisa la misheni. Hapakuwa na mwingine aliyekiweza.

Kinanda chenyewe kilikuwa kikubwa kama chumba. Mabruda wa Kizungu walikileta kwa vipande ndani ya masanduku, kabla ya uhuru, na baba yake Veridiana, Mzee Nikolao, fundi seremala wa misheni, ndiye aliyesaidiana nao kukiunga. Mbele kilikuwa na mabomba ya bati yaliyopangwa marefu kwa mafupi. Nyuma, ndani ya kabati la mninga ambalo mtu mzima aliweza kuingia akasimama, kulikuwa na mabomba mengine mengi, na pembeni yake mivukuto miwili ya ngozi ambayo mtu aliikanyaga kwa zamu, mguu huu na mguu huu, ili upepo upatikane. Karibu na vibao vya kupigia kulikuwa na vishikio vya mti vya kuvuta. Ukivuta kimoja, sauti moja inafunguka, ukikirudisha, inafungika.

Vishikio vingi vilikuwa vya sauti za kawaida za kuimbishia. Vitatu vya mwisho, mkono wa kushoto, havikuwa vya nyimbo kabisa. Mzee Nikolao alikuwa amevipa majina ya Kiswahili, na majina hayo yakabaki: Nyota, Ndege na Ngurumo. Ukivuta Nyota, upepo ulizungusha nyota ya shaba juu kabisa ya kinanda, na vikengele vilivyofungwa nyuma yake vikalia bila mpango, kama mbuzi wengi wakipita. Ukivuta Ndege, vibomba vidogo viwili vililia vikiwa vimepinduliwa, midomo ndani ya kikombe cha maji, na sauti ikatoka ikibubujika kama chiriku asubuhi. Hivyo viwili vilikuwa vya Krismasi. Ngurumo ilikuwa ya Ijumaa Kuu, pale msomaji anapofika mahali nchi ilipotetemeka. Mabomba mawili makubwa ya mbao, yaliyotofautiana sauti kidogo tu, yalilia pamoja yakigombana, mpaka mabenchi yakatikisika. Veridiana mtoto alizoea kutoka nje kabla ya wakati huo, akaziba masikio chini ya tangi la maji ya mvua.

Halafu ngozi za vishikio hivyo zikapasuka. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni na sukari. Nani angeenda kuuliza dukani ngozi laini ya kinanda? Mzee Nikolao akafariki, mabruda wakarudi kwao mmoja mmoja, na vishikio vile vitatu vikakaa bubu hata vijana wa kwaya wakadhani ni mapambo.

Ruksa ya biashara ilipokuja, kila kitu kilikuja kwa pamoja. Mitumba ikafika kwa marobota. Wanunuzi wa korosho wakaanza kupanda uwandani na malori yao wenyewe. Mahmudu, kijana wa hapohapo Namkonda, akafungua duka la kwanza lenye rafu zilizojaa, na kila mwezi akawa anakwenda Dar es Salaam na kurudi. Padre akamwita Veridiana.

"Mama Anastasia," akamwambia, kwa jina la binti yake aliyeolewa Masasi, "siku hizi kila kitu kinapatikana. Krismasi hii nataka kinanda kilie chote."

Basi Mahmudu akapewa kipande cha ngozi ya zamani awe nacho kama mfano, na aliporudi alileta ngozi laini kama sikio la mwanakondoo, na gundi kali iliyonuka hadi barabarani. Veridiana akaanza kazi. Alikuwa ameshika taa baba yake alipokuwa akitengeneza, miaka mingi, na mikono yake ilikumbuka zaidi kuliko kichwa chake.

Alianza na Nyota, ikazunguka. Akaja kwenye Ndege, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa siku ile hakujua. Ilikuwa kiangazi. Kule uwandani maji ya kiangazi yanafuatwa chini bondeni, na mwanamke anayepanda na ndoo kichwani hupumzika njiani mara nyingi kabla hajafika. Veridiana aliomba kata moja ya maji kwa jirani yake Hamida, dada yake Mahmudu, akaenda nayo kanisani, akafungua mlango wa kabati na kumimina yale maji polepole ndani ya kikombe cha bati huku akinong'ona, kama alivyofanya baba yake, akihesabu mpaka yafike kwenye alama. Alipogeuka alimkuta Bibiana, bibi aliyefagia kanisa, amesimama na ufagio wake anamtazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibiana hakuondoa macho kwenye kabati. "Maji ya kunywa hayo unampa nani?"

"Ndege," Veridiana akajibu, akacheka.

Baadaye alilijutia jibu hilo kuliko neno lolote alilopata kulisema.

Ngurumo aliiacha ya mwisho kwa sababu aliiogopa. Siku ilipofika, mwanakwaya mmoja aitwaye Dastani, ambaye ndiye aliyezoea kukanyaga mivukuto, alipanda nyuma akajaza upepo. Veridiana akashika kishikio, akafumba macho, akakivuta.

Alikuwa amesahau. Sauti haikutoka kwenye mabomba peke yake. Ilitoka sakafuni, ukutani, ndani ya kifua chake mwenyewe. Ilianza chini sana, ikakoroma, ikapanda, ikavunjikavunjika kwa mikoromo mifupi. Mbuzi waliokuwa uani walitawanyika. Veridiana alijikuta yuko nje barazani, ndala moja mguuni, na Dastani amekaa chini nyuma ya kinanda akicheka mpaka machozi yakamtoka. Huko kijijini wanawake waliokuwa wakitwanga walisimamisha michi wakatazama juu. Mbingu zilikuwa nyeupe, hazina wingu.

Siku chache baada ya hapo, simba alimuua Nurdin.

Nurdin alikuwa mdogo wake Yassini, mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa analinda korosho zake kwenye shamba la zamani, kule chini ambako watu walikuwa wakiishi kabla ya kuhamishiwa kijijini. Waliomkuta hawakumruhusu mkewe asogee. Kabla kijiji hakijamaliza kumzika na kuomboleza, mwanamke aliyekuwa akichimba ming'oko, viazi vya mwituni, pembezoni mwa msitu naye akachukuliwa, mchana kweupe, wenzake wakisikia.

Kwa watu wa huko kuna simba, na kuna simba wa mtu. Simba wa porini hula akishiba akaenda zake. Simba wa mtu ametengenezwa na ana mwenyewe, na huyo mwenyewe yuko kijijini na watu, anakula ugali wa muhogo kama wao, anakwenda msibani kama wao. Habari za simba wa watu waliotisha Masasi enzi za mababu kila mtu alizijua. Kwa hiyo watu walipokaa kuulizana, hawakuulizana simba ametoka wapi. Waliulizana ni wa nani.

Hamida ndiye aliyemletea habari. Alikuja saa za alasiri, akaingia mpaka ndani badala ya kukaa barazani, akarudishia mlango.

"Mama Anastasia, keti."

"Kuna nini, mama Jafari? Usinitishe."

"Wanasema ile sauti iliyosikika kabla Nurdin hajafa ilitoka kanisani. Wanasema simba alinguruma ndani ya sanduku lako."

"Ni kinanda! Dastani alikuwepo!"

"Dastani ameulizwa. Amesema yeye alikuwa nyuma, alikanyaga tu, hakuona kitu kinachonguruma." Hamida akashusha sauti. "Na Bibiana anasema alikukuta unanywesha kitu humo ndani. Unakinong'oneza."

Veridiana alitaka kucheka, akashindwa. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekupa maji kwa mkono wangu," Hamida akasema. "Ningekuwa nadhani hivyo ningekuja hapa?" Lakini alipokuwa anaondoka alichungulia kwanza njiani kama kuna mtu anayemwona.

Kuanzia hapo hofu ilikaa na Veridiana kama mgeni asiyejua kuaga. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa, wakasema wamepata fundi Newala. Watoto waliokuwa wakipita barazani kumwamkia wakawa wanazunguka nyuma ya nyumba. Dastani akatuma salamu kwamba mguu unamuuma. Asubuhi moja Veridiana akakuta mkanda wa cherehani umekatwa kwa kisu na kuachwa juu ya meza, umenyooshwa vizuri, ili aelewe kwamba aliyekata hakuwa na haraka. Padre hakuwapo, alikuwa Lukuledi kwenye semina, na hapakuwa na gari la kumfuata wala la kumpelekea barua. Veridiana akawa anafunga mlango jua likiwa bado juu, anaegemeza kinu mlangoni, anakaa kitandani na viatu miguuni.

Jambo lililomtesa kuliko yote hakulisema kwa Hamida wala kwa mtu yeyote. Naye pia alianza kuwa na wasiwasi. Alikisikia kile kinanda kwa masikio yake. Haikuwa sauti ya radi. Baba yake aliita Ngurumo kwa kuwa mabruda walisema ni radi, lakini yeye aliyekimbia ile siku, hakukimbia radi. Aliwaza: je, kama kuna kitu kule bondeni kilisikia, kikaitikia? Wafu wawili. Aliwajua wote. Nguo aliyozikwa nayo yule mchimba ming'oko aliishona yeye.

Walikuja alasiri. Alisikia nyayo nyingi barazani na chuma kikigonga ukuta, akajua ni mapanga. Alipofungua, mwenyekiti Yassini alikuwa mbele, amevaa kanzu ya matanga, macho mekundu. Nyuma yake walisimama wanaume wengi. Kando, akiwa na bunduki begani, palikuwa na mtu mgeni, mweusi mrefu, mwenye sare ya kaki. Huyo alikuwa Kulwa, bwana nyama aliyeletwa na wilaya, Msukuma ambaye hakuwa amekaa hata msimu mmoja kule kusini.

"Shikamoo, mwenyekiti," Veridiana akasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Yassini hakuitikia. "Tunataka kuona ulichokifungia kanisani."

Njia ya kwenda kanisani ni fupi, lakini siku ile aliiona haina mwisho. Alitembea mbele yao, akisikia kila pumzi nyuma ya shingo yake. Akafungua kabati la kinanda. Akawaonyesha mabomba, kikombe cha bati, mifereji ya upepo, ngozi ya Mahmudu. Watu walichungulia mmoja mmoja, kwa mbali, mapanga mkononi. Hawakuona mnyama. Hilo halikuwatuliza, kwa maana simba wa mtu haonekani kwa macho hivihivi.

"Kilize," Kulwa akasema.

"Hakuna wa kukanyaga mivukuto, bwana."

Kulwa akaegemeza bunduki ukutani, akapanda nyuma mwenyewe. Veridiana akavuta kishikio. Ngurumo ikaja, na kanisa likawa tupu. Wanaume wazima walipita mlangoni kwa kusukumana. Mmoja alipitia dirishani. Alibaki Yassini, ameshika nguzo kwa mikono miwili, na Kulwa, ambaye alishuka taratibu akiwa amekunja uso kama mtu anayefikiri.

"Mama," akasema, "kabla hujaitengeneza hii, simba alikuwa amesikika huku?"

"Hapana, bwana."

"Alikuwapo kule chini, nina hakika. Nyayo zake nimeziona ni za muda. Simba dume akisikia mwenzake ananguruma kwenye eneo lake, huja kuangalia ni nani. Hapa ni ukingoni. Sauti inashuka bondeni yote." Akaichukua bunduki yake. "Mimi nimemfuata wiki nzima, ananikwepa. Nataka umwite."

Veridiana akaketi kwenye benchi. "Bwana, usinitake hivyo."

"Kwa nini?"

"Asipokuja, watasema nimemficha. Akija, watasema ameitwa na mwenyewe. Kwa vyovyote mimi ni maiti."

Kulwa hakuwa amelifikiria hilo. Ndipo Yassini, ambaye mpaka hapo alikuwa bado ameshika nguzo, akaiachia.

"Nani atakanyaga?" akauliza.

"Hakuna atakayekubali," Kulwa akasema.

"Nitakanyaga mimi. Mdogo wangu ameliwa. Nataka nisimame huko nyuma, nione kwa macho yangu kinachonguruma kinatoka wapi. Nikiona kingine tofauti na upepo," akamgeukia Veridiana, "mama, sitamsubiri huyu na bunduki yake."

Jua lilipoanza kushuka watu wote wakajifungia majumbani. Mlango mkubwa wa kanisa uliachwa wazi. Kulwa alipanda juu ya tangi la saruji la maji ya mvua lililo karibu na ngazi, akalala kifudifudi. Ndani walikuwa wawili tu, mtuhumiwa mbele ya kinanda na mshitaki nyuma yake, na panga la mshitaki limelazwa juu ya mvukuto.

Jioni ile ya kwanza hakuja kitu. Veridiana alivuta kishikio, akarudisha, akasubiri, akavuta tena, na kila mara alikufa kidogo. Giza lilipoingia Kulwa akawaambia warudi. Kesho yake asubuhi alisikia wanawake waliopita mbele ya nyumba yake wakisema, kwa sauti ya kutaka asikie, kwamba mwenye mbwa hamwiti mbwa wake ili auawe. Hakuweza kula. Hamida alimletea uji, akakaa naye mpaka akaunywa, safari hii mlango wazi.

Jioni ya pili, aliporudisha kishikio kwa mara ya kwanza na kanisa likatulia, kulikuwa na ukimya mrefu. Halafu kutoka chini bondeni, mbali, kitu kikaitikia.

Mivukuto ilisimama. Yassini alionekana pembeni ya kabati, uso umekuwa wa kijivu. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Ni yeye?"

"Rudi, baba. Ukiacha kukanyaga kitanyamaza."

Hakujua maneno hayo alitoa wapi. Alijua tu kwamba akinyamaza atakimbia, na nje kulikuwa na kubaya zaidi. Yassini akarudi. Akavuta tena. Jibu likaja tena, karibu zaidi, kutoka kwenye mikorosho ya misheni. Mara ya tatu hapakuwa na jibu, na hapo ndipo woga ulipomfunika kabisa, kwani alielewa maana yake. Kitu kinachokuja hakipigi kelele. Aligeuza shingo kutazama mlango. Mwanga wa jioni ulikuwa mwekundu kwenye ngazi. Jasho lilimwingia machoni, naye hakuthubutu kuinua mkono kulifuta. Mikono yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania kishikio kama mtu aning'iniaye kisimani.

Simba akaja akichechemea. Hakuwa mkubwa kama alivyomfikiria. Alikuwa mwembamba, manyoya ya shingoni yamepukutika. Aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akanusa. Akatazama ndani. Veridiana baadaye alisema yeye na yule mnyama walitazamana, na kwamba hakuona machoni mwake hasira wala shetani, ila aliona kwamba simba naye hakuelewa kinachoendelea.

Bunduki ikalia. Simba akageuka kwa hasira, akakosa pa kwenda, akaingia ndani.

Kilichofuata Veridiana hakukikumbuka kwa mpangilio. Mabenchi yalipinduka. Mkono ulimshika begani ukamvuta kinyumenyume, na mlango wa kabati ukafungwa. Alikuwa amesimama kati ya mabomba, kifua chake kimebanwa na mgongo wa Yassini, ambaye alikuwa ameshika mlango kwa ndani kwa kucha, kwa maana mlango ule haukuwa na komeo la ndani. Nje ya ubao, karibu sana, kitu kilikuwa kinapumua kwa shida. Kucha zilikwaruza mninga. Yassini alikuwa anasoma dua, naye Veridiana alikuwa anasali Salamu Maria, wote kwa kunong'ona, kila mmoja akimsikia mwenzake, hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Kisha nyayo za viatu mlangoni, mlio mwingine wa bunduki uliojaza mabomba yote yakavuma, na ukimya.

"Tokeni," Kulwa akasema.

Kijiji kizima kilikuja. Simba alikokotwa mpaka uani, wanawake wakapiga vigelegele, ngoma zikatoka. Kulwa aliwaonyesha mguu wa mbele: mwiba wa nungunungu ulikuwa umezama ndani, nyama imeoza kuuzunguka. Hakuweza tena kukamata nguruwe wala paa, akasema, ndiyo sababu aliwafuata watu. Wengine walisikiliza. Wengine walikuwa wakimtazama Veridiana aliyekaa chini barazani, hawezi kusimama.

Bibiana akasogea mbele. "Nyie hamjaona?" akasema. "Kaitwa, kaja."

Vigelegele vikakoma. Ngoma moja iliendelea kidogo, nayo ikaacha.

Yassini alikuwa bado ana vumbi la kabati kwenye kanzu. "Nimeona," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Hakuna kitu humo. Kuna mbao na upepo, na upepo wenyewe niliukanyaga mimi, kwa miguu hii. Huyu mama alivuta kijiti tu. Kama ni uchawi, basi mchawi ni mimi. Haya, anayetaka kunishika na aje."

Hakuna aliyesogea. Alisubiri, akawatazama mmoja mmoja, halafu akaenda barazani akainama mbele ya Veridiana. "Simama, mama Anastasia. Nikupeleke nyumbani."

Yasidhaniwe kwamba mambo yaliisha siku hiyo. Bibiana hakumsalimu tena mpaka alipokufa. Dastani alirudi kukanyaga mivukuto, ila hakucheka tena. Kwa muda mrefu wateja walikuwa wachache, na binti yake Anastasia alikuja kutoka Masasi kumtaka ahame. Veridiana alifunga mizigo, kisha akaifungua, kwa kuwa alisema kule Masasi hangeijua sauti ya kitu chochote usiku. Mteja wa kwanza kurudi alikuwa mke wa marehemu Nurdin. Alikuja na kitambaa cha sare ya mwanawe, akakiweka juu ya cherehani, akasema vipimo, akaondoka. Hakutaja jambo lingine, na Veridiana alishona sare ile kwa uangalifu ambao hakupata kuutumia hata kwenye nguo za harusi.

Krismasi ile Nyota ilizunguka na Ndege wakalia, na Padre akafurahi. Ijumaa Kuu alipomwomba Ngurumo, alimjibu, "Padre, nipe kazi nyingine yoyote," naye hakumwomba tena.

Jambo moja alilitaka yeye. Mpiga kinanda huketi amegeuzia mlango mgongo, na baada ya siku zile hakuweza kupiga hata wimbo mmoja mpaka mwisho bila kugeuka. Akamwagiza Mahmudu, na Mahmudu akamletea kutoka Dar es Salaam kioo cha lori, kile cha pembeni cha dereva. Akakipigilia juu ya vibao vya kupigia, akakiinamisha mpaka akauona mlango wote na ngazi zake. Miaka yote iliyobaki alipiga hivyo, jicho moja kwenye nyimbo, jingine kwenye kioo. Wageni waliokuja kusali Namkonda walidhani ni cha kumwangalia Padre altareni, wakamsifu kwa kuwa makini. Aliwashukuru.